Hata Kuku Hawafi

Kuna jibu la kumtuliza mnunuzi linalosikika katika maduka ya dawa za shamba, iwe Karatina, Othaya au Chuka. Mama anashika chupa, anaigeuzageuza, anauliza kama ni kali. Anaambiwa: "Haina neno, mama. Hata kuku wakidonoa hapo hawafi." Analipa na kwenda zake, maana jibu lenyewe linaingia akilini. Kinachodhuru huua, na kisichoua hakidhuru.

Ninaandika kisa hiki kwa ajili ya mama huyo. Kinahusu dawa iliyosifiwa ulimwengu mzima kwa sababu haikuua watu wala kuku, na bado ilifuta ndege wakubwa katika maeneo mapana ya dunia. Iliwafuta kupitia mahali ambapo hakuna aliyefikiri kutazama, yaani ndani ya yai.

Dawa hiyo ni DDT. Ilitengenezwa maabarani mara ya kwanza mwaka 1874, ikakaa bila kazi hadi 1939, pale Paul Müller, mkemia wa kampuni ya Geigy mjini Basel, Uswisi, alipogundua kwamba mdudu akiigusa tu hufa. Majira ya baridi ya 1943 kuingia 1944, wakazi wa Naples, Italia, walipuliziwa unga wake ndani ya nguo walizovaa, na homa ya taifasi inayoenezwa na chawa ikazimika. Mwaka 1948 Müller alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kenya haikuachwa nyuma. Mwaka 1946, katika msitu wa Kodera kule Nyanza, Garnham na McMahon waliimimina DDT mtoni kwenyewe ili kuua viluwiluwi vya inzi weusi wanaoeneza usubi, ugonjwa unaopofusha macho. Katika miaka ya 1950 kazi hiyo ilipelekwa katika mito mingine ya Nyanza, na maambukizi ya usubi yakakoma Kenya. Hilo ni jambo kubwa na sitalipunguza. Mtoto aliyekua akiona hawezi kuambiwa kwamba wale waliomwaga dawa walimkosea.

Ila ushindi huo uliacha nyuma kipimo kibovu. Watu walizoea kuuliza swali moja tu: nani amekufa? Kwa kuwa hakuna aliyekufa, pampu zikajazwa tena.

Milimani kwetu pampu hizo zilikuja na kahawa. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwafungulia wakulima wadogo Waafrika kilimo cha kahawa kwa wingi, na miteremko ya Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru ikavaa mikahawa. DDT na dieldrini, dawa ya ukoo huohuo, zikaingia mashambani, na majosho ya ng'ombe nayo yakatiwa sumu za jamii hiyo. Kenya ilipiga marufuku matumizi ya DDT katika kilimo mwaka 1986, baada ya kizazi kizima kuinyunyiza.

Katika miaka hiyo kulikuwa na mtu mmoja upande huu wa Mlima Kenya aliyejua pa kutazama. Leslie Brown alikuwa afisa wa kilimo Embu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuta kilima ambapo tai wa aina kadhaa walijenga viota karibu karibu, akakiita Eagle Hill, na akaendelea kukifuatilia kwa miongo mingi. Alifariki mwaka 1980. Kazi yake ilikuwa ya subira: jozi hii imetaga au haikutaga, yai limeanguliwa au limeoza, kinda ameruka au ametoweka. Tai huishi miaka mingi. Ukimwona akizunguka juu ya bonde utasema hali ni njema, na kumbe huenda amepitisha misimu mitano bila kulea kinda hata mmoja. Ndege wa namna hiyo hawezi kuhesabiwa kwa kutazama angani. Kinachosema kweli ni daftari la viota, na mtu wa kulijaza mwaka baada ya mwaka hata pale ambapo hakuna la ajabu la kuandika.

Daftari kama hilo ndilo lililofichua siri, ingawa lilikuwa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wafugaji wa njiwa wa huko walilalamika kwa serikali kwamba kozi, yule kipanga mwenye mbio kuliko ndege wote, wameongezeka na wanawamaliza njiwa wao. Mtafiti Derek Ratcliffe akapewa kazi ya kuwahesabu. Akakuta kinyume kabisa: kozi walikuwa wakitoweka, na katika viota vingi vilivyobaki yaliyoonekana ni mayai yaliyopasuka. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuona mayai yaliyovunjika tangu mapema miaka ya 1950, jambo lisilokuwa la kawaida kwa ndege huyo.

Alichofanya baadaye ni kitu ambacho mwanafunzi yeyote wa sekondari angeweza kukifanya. Alikwenda kwenye makusanyo ya mayai, kwa sababu Waingereza wa zamani walikuwa na mazoea ya kukusanya mayai ya ndege, kuyatoboa, kuyatoa ute na kuyahifadhi kwenye droo pamoja na tarehe. Akapima uzito wa kila ganda, akaugawa kwa urefu wa yai uliozidishwa kwa upana wake. Kwa miongo mingi namba ile haikubadilika. Ilipofika mwaka 1947 ikaporomoka, na hadi alipopima haikuwa imeinuka. Maganda yalikuwa yamepungua uzito kwa karibu asilimia 20. Ratcliffe alichapisha matokeo hayo katika jarida la Nature mwaka 1967. Muda si mrefu wenzake wa Marekani walipima mayai ya kwao na kukuta anguko lilelile, kuanzia miaka ileile ambayo DDT ilianza kuuzwa kwa raia.

DDT haiyeyuki majini ila huyeyuka katika mafuta. Ikishaingia mwilini hugeuka kuwa kitu kiitwacho DDE, ambacho mwili hauna njia rahisi ya kukitoa. Mdudu ana kidogo. Ndege mdogo anayekula wadudu mia ana kingi zaidi, na kozi anayekula ndege wadogo kila siku ana akiba ya sumu ya bonde zima. Jike anapotaga, mafuta ya mwili wake huenda kwenye kiini cha yai, na DDE huenda nayo. Wakati huohuo DDE huvuruga tezi inayotengeneza ganda: huzuia kalsiamu kuvuka kutoka kwenye damu kwenda kwenye ganda, na hupunguza kemikali za mwili zinazoiamuru tezi hiyo kufanya kazi. Jike anataga yai zuri kwa macho. Analilalia kwa mapenzi yote, na linapasuka chini ya kifua chake.

Sasa nirudi kwa kuku, kwa sababu hapa ndipo penye mtego. Kuku, kwale na ndege wa jamii yao huathirika kidogo sana na DDE kwa upande wa ganda. Unaweza kumlisha kuku kiasi ambacho kingemmaliza mwari au kozi, na akaendelea kutaga mayai magumu. Ndege pekee ambaye mkulima anamtazama kila asubuhi ndiye shahidi dhaifu kuliko wote. Maneno ya muuzaji yalikuwa kweli tupu, kuku hawakufa wala mayai yao hayakuvunjika. Jibu lilikuwa sahihi kwa swali lisilofaa.

Baharini mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa samaki ni wenye mafuta na ndege wengi wa bahari huwategemea. Kiwanda kimoja cha DDT mjini Los Angeles kilikuwa kikitoa maji yake machafu kwenye mfereji wa taka uliofika baharini. Kwenye kisiwa cha Anacapa, nje kidogo ya pwani hiyo, wari wa kahawia walijenga viota mamia mwaka 1970. Kinda aliyenusurika alikuwa mmoja. Wari walilalia maganda laini mfano wa ngozi, na walipoinuka walikuwa wameyaponda.

Kisiwa kingine cha hapohapo, Santa Barbara, kilileta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Watafiti George na Molly Hunt walitangaza mwaka 1977 kwamba baadhi ya viota vya shakwe vina mayai mengi kupita kiasi, na kwamba wazazi wote wawili ni majike. Madume hawakutosha. Michael Fry na Charles Toone wakachukua mayai safi ya shakwe na kuyadunga DDT kwa viwango kama vilivyokutwa katika mayai yaliyochafuliwa. Matokeo yao yalitoka katika jarida la Science mwaka 1981: viinitete vya kiume vilianza kuota sehemu za uzazi za kike.

Mwili wa kiumbe huendeshwa kwa amri zinazosafirishwa na damu, ndizo homoni, na kiasi chake ni kidogo mno. Estrojeni husema jenga jike, testosteroni husema jenga dume, homoni za tezi ya shingo husema kua na upate joto. Kila seli ina mahali pa kupokea amri hiyo. Baadhi ya kemikali zinazotoka viwandani zina umbo linalokaribiana na homoni kiasi kwamba seli huzipokea, kama mzee wa kijiji anayepokea barua yenye muhuri wa kughushi wa chifu na kuitekeleza kwa moyo safi. Aina moja ya DDT hujifanya estrojeni. DDE, kama ilivyoonyeshwa mwaka 1995, hukaa mahali pa testosteroni na kuizuia isisikike. Kemikali za PCB, zilizotumika katika mafuta ya transfoma za umeme, huvuruga tezi ya shingo. Shakwe wa Maziwa Makuu ya Marekani na Kanada walikutwa tezi hizo zimevimba. Wazee wa nyanda zetu za juu waliowahi kuona rovu kabla chumvi haijatiwa madini joto wanaelewa uzito wa tezi hiyo ikikosa utulivu.

Na yai si chombo kitupu kinachosubiri kujazwa sumu. Mwaka 1993 Hubert Schwabl alionyesha kwa ndege wadogo waitwao kanari kwamba mama mwenyewe hutia testosteroni kwenye kiini, na kwamba huongeza kipimo kwa kila yai linalofuata, ili kinda wa mwisho, anayezaliwa amechelewa, apate nguvu ya kugombea chakula na ndugu zake. Mimi nilipoelewa hilo sikuweza tena kulitazama yai kama chakula tu. Kabla kinda hajatoka, mama ameshamwandalia kulingana na dunia atakayokutana nayo. Sumu inayojifanya homoni huingia katikati ya mazungumzo hayo ya mama na mtoto na kusema la kwake.

Afrika haikusalimika. Kwenye ziwa Kariba, Zimbabwe, ambako DDT ilinyunyizwa kupambana na mbung'o, mayai ya furukombe yalipimwa na kukutwa na DDE, na maganda yakiwa membamba. Furukombe huyo ndiye yuleyule anayelia kwenye mabwawa yetu ya mto Tana. Tufuate maji: Chania na Gura yanashuka kutoka Nyandarua, Ragati na Sagana kutoka Mlima Kenya, yote yanaishia Tana na kuingia bwawa la Masinga. Thiba unapita katika mpunga wa Mwea na kumwaga Kamburu. Baada ya karibu kilomita 1,000, Tana unaingia Bahari ya Hindi kule Kipini, na kaskazini yake ndiko visiwa vya Kiunga ambako buabua hutaga juu ya mawe. Mtu anayesuuza pampu yake kwenye kijito cha Mukurwe-ini yuko sehemu ya juu ya mto huohuo.

Kieni, mito inaelekea upande mwingine, Ewaso Ng'iro. Kwenye magenge ya mito hiyo, eneo la Kiawara, anaishi bundi mkubwa wa Mackinder, mwenye macho ya rangi ya machungwa, na hula fuko na panya katikati ya mashamba ya viazi na kabichi. Watafiti Darcy Ogada na Muriithi Kibuthu walimchunguza kwa miaka kadhaa na kuchapisha kazi yao kuanzia 2008, na miongoni mwa mambo waliyofuatilia ni dawa ambazo wakulima wanatumia. Kwa Wakikuyu wengi bundi, wanayemwita ndundu, ni mleta mauti, akilia juu ya paa afukuzwe kwa mawe. Wapo wakulima wa Kiawara walioacha imani hiyo, wakawa walinzi wake, na wageni hulipa kuja kumwona. Naomba tuendelee mbele zaidi ya hapo. Bundi huyo anakula kilichokula kilichoota katika shamba lako. Yai lake ni hesabu ya kweli zaidi ya shamba hilo kuliko yai la kuku wako litakavyowahi kuwa.

DDT imeondoka mashambani. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa 2001 na kuanza kufanya kazi 2004, umeibana dunia nzima pamoja na ndugu zake. Lakini zimekuja nyingine. Mankozebu, ambayo mkulima wa viazi wa Kieni huinyunyiza dhidi ya mbaa kila mvua inapokaza, ilinyimwa kibali na Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na moja ya sababu ni kwamba inavuruga homoni. Ikivunjika hutoa kemikali inayoishambulia tezi ya shingo. Klorpirifosi iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm mwaka 2025. Mwaka huohuo serikali ya Kenya iliondoa sokoni makumi ya dawa za shamba na kuwekea nyingine masharti. Kuondolewa kwenye orodha hakuitoi dawa stoo ya mtu.

Plastiki nayo ina mkono wake. Fthaleti, zinazotiwa katika plastiki ili iwe laini, zimekutwa katika mayai ya shakwe wa Cornwall, Uingereza, na hizo pia huvuruga homoni. Plastiki ya aina fulani ikichomwa hutoa dioksini. Mwaka 2005 mayai ya kuku wa kienyeji kutoka pembeni mwa jalala la Dandora, Nairobi, yalipimwa na kukutwa na dioksini kupita kiwango cha Umoja wa Ulaya. Kuku hao walikuwa wazima, wakitaga, wakiuzwa. Hapa ieleweke vizuri: ganda la kuku halitakuonyesha lolote, lakini kiini chake hubeba, na kiini ndicho tunachompa mtoto anayeanza kula na mama aliyetoka kujifungua.

Kwa hiyo kuna mambo ya kufanya, nami nayataja bila kuyapamba. Usichome chupa za dawa, mifuko wala matairi mahali kuku wanapochakura, na usimwage jivu hilo kwenye banda au shamba la mboga. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, mara zote ukimimina yale maji ndani ya pampu uyanyunyize palepale shambani, kisha uitoboe ili isije ikabebea mtu maziwa au mafuta ya taa. Pampu isioshwe mtoni hata kama mto umejaa. Panya aliyekufa kwa sumu asiachwe ardhini bundi akamwokota. Ukifika dukani, acha kuuliza kama dawa inaua kuku. Uliza jina la kemikali iliyomo, siyo jina la chapa, na uliza inakaa muda gani udongoni. Muuzaji asiyejua anaweza kusoma nawe karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Na shule zilizo karibu na mabwawa, kama Masinga na Kamburu, zinaweza kuweka daftari la kiota cha furukombe: umeona jozi, wametaga, kinda ameruka au la. Kazi hiyo haihitaji maabara.

Wapo watakaosema DDT ni habari ya babu zetu. Marekani iliipiga marufuku 1972. Kozi akaondolewa katika orodha ya walio hatarini 1999, mwari wa kahawia 2009, na hiyo ni furaha ya kweli. Lakini mwaka 2013 watafiti walichapisha habari za tai-mzoga wakubwa waitwao kondori waliorudishwa pwani ya Big Sur, California. Mayai yao yalikuwa na maganda membamba. Kondori hao walikuwa wakila mizoga ya simba wa baharini, na simba wa baharini walikuwa wamekula samaki wa bahari ileile iliyopokea taka za kiwanda cha Los Angeles zaidi ya miaka 40 kabla yao.

Kwa hiyo kama guka, yaani babu yako, alikuachia stoo ya kahawa, na kwenye rafu ya juu kuna kopo lenye kutu ambalo maandishi yake yamefutika, usilifungue ili ujue ni nini. Usilizike na usilitupe chooni. Lifunge katika mfuko usiovuja, liweke juu mbali na watoto na mbegu, umwambie afisa wa kilimo wa wadi yako, na udai jibu la maandishi kuhusu siku watakayokuja kulichukua.